Mane alikosa, akapewa mpira tena

Februari 6, 2022, Uwanja wa Olembe, Yaoundé. Fainali ya Afcon, Senegal na Misri. Dakika ya saba tu Sadio Mane anapiga penalti, kipa Gabaski anapangua. Mechi ikaisha 0-0 hata baada ya muda wa nyongeza, wakaenda kwenye matuta. Mkwaju wa tano wa Senegal, wa kuamua ubingwa, akapewa nani? Mane yuleyule. Akatupia kambani, Senegal ikashinda 4-2 na kubeba Afcon kwa mara ya kwanza.

Kwenye mechi nyingi za madogo wa miaka saba au minane mambo ni tofauti. Dogo akipaisha penalti, kelele zinaanza nje: "Kocha, mtoe huyo!" Kocha naye anamtoa. Mechi inayofuata dogo hataki hata kuomba pasi, anajificha nyuma ya beki. Kipaji anacho, ila ameshaogopa.

Mara nyingi anayepaisha ameegemea nyuma, na mguu wa kusimamia umekaa mbali na mpira. Kocha anayejua kazi yake hafoki. Anauliza kwanza: "Mpira umeenda wapi? Unadhani kwa nini?" Halafu anarekebisha kitu kimoja tu, mguu ukae pembeni ya mpira. Anamsogeza dogo karibu na goli, anampa mpira papo hapo apige tena. Akifunga mara kadhaa, anamrudisha nyuma taratibu. Ukimtajia makosa matano kwa mpigo, hashiki hata moja.

Norway wameliweka hili kwenye kanuni. Kule msimamo wa ligi hautolewi kwa watoto walio chini ya miaka 11. Uwanjani madogo wenyewe wanajua nani kashinda, ila kocha hana presha ya pointi ya kumfanya amsugulishe benchi aliyeboronga. Erling Haaland na Martin Ødegaard wamekulia huko, na njaa yao ya ushindi kila shabiki anaiona.

Mzazi naye ana namba yake. Njiani kurudi nyumbani, badala ya "leo umetuangusha", amuulize mwanaye kesho mazoezini atajaribu nini. Na timu ikipata penalti nyingine, kocha aanze kwa kumuuliza aliyekosa kama anaitaka.