Usukani wa Gari Haurushi Ndege

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo nilitajiwa majuzi na mwalimu mlezi wa chama cha tarakilishi katika shule moja ya upili. Chama chake kina fedha za kununulia kifaa kimoja tu, ilhali wanachama wamegawanyika. Baadhi wanataka mashindano ya magari. Wengine, na miongoni mwao wasichana wawili wanaotamani kuwa marubani, wanataka programu ya kuiga urushaji wa ndege. Mwalimu alikuwa ameazimia kununua usukani wenye vikanyagio, maadamu ndio unaopendeza macho. Nilimsihi asifanye hivyo, na sababu zangu nazieleza hapa kwa kuwa naamini hayuko peke yake.

Yamkini msomaji atashangaa mwanaisimu anatafuta nini katika michezo ya tarakilishi. Jibu limo katika maneno yenyewe. Kabla ya kuwa gurudumu lililo mbele ya dereva, usukani ulikuwa chombo cha kuongozea jahazi, na neno lenyewe tulilitwaa kutoka Kiarabu. Rubani naye alikuwa mwelekezi wa vyombo baharini kabla ya kupaa angani. Kwa hiyo Kiswahili kiliwakutanisha dereva na rubani zamani, katika sitaha moja. Huenda hapo ndipo tunapohadaika, tukadhani kwamba kinachomfaa mmoja kitamfaa na mwenzake.

Hebu tulitazame jahazi lenyewe. Likienda mrama, kwa maana ya asili ya neno hilo, hulalia ubavu huu kisha ule. Omo yake hupanda na kushuka pamoja na mawimbi. Isitoshe, huelekea kushoto au kulia kwa amri ya usukani. Hizo ni harakati tatu, na ndege inazo zote tatu. Tofauti ni kwamba nahodha huimiliki ile ya mwisho tu, zile mbili nyingine akitendewa na bahari. Rubani hana budi kuzitawala zote kwa mikono na miguu yake, na juu ya hizo aongeze au apunguze nguvu za injini. Dereva ana usukani, mafuta na breki, pamoja na klachi ikiwa gari lina gia za mkono.

Mafundi huita kila harakati inayopimwa kwa kadiri, kidogo au nyingi, mhimili. Kitufe si mhimili, kwani ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa. Gari basi lahitaji mihimili mitatu, ndege minne. Anayekwenda dukani na ahesabu mihimili kabla ya kuhesabu fedha.

Usukani wenye vikanyagio vitatu una mihimili minne, na hapa mnunuzi aweza kushangilia mapema. Kuuzungusha kutailaza ndege ubavu vizuri tu. Lakini pua ya ndege itainuliwa na nini? Kikanyagio hakina katikati: ukiondoa mguu hurudi mwisho mmoja na kutulia huko. Pua ya ndege inahitaji mhimili unaotulia katikati, ili uweze kuvutwa nyuma au kusukumwa mbele. Atakayeutumia usukani wa gari atalazimika kuinua pua kwa vitufe, na kutua kwa vitufe ni sawa na kuandika insha kwa mhuri. Fauka ya hayo, usukani mzuri, kama vile Logitech G29 unaozunguka nyuzi 900 na kuusukuma mkono wa mchezaji kwa mota, bei yake ni mara kadhaa ya kile nitakachopendekeza. Ule wa bei ya chini kabisa mara nyingi hauna mota wala mzunguko mpana, na dereva hapati kitu ambacho asingekipata kwingine.

Pendekezo langu ni padi, ile ya kushika kwa mikono miwili ambayo vijana wanaijua mno. Padi ya aina ya Xbox ina vijiti viwili, kila kimoja na mihimili miwili, na vifyatuo viwili vinavyopima kadiri ya mkandamizo. Jumla ni mihimili sita. Kwenye gari, kijiti cha kushoto huwa usukani, kifyatuo cha kulia mafuta, cha kushoto breki. Kwenye ndege, kijiti kimoja hulaza ubavu na kuinua pua, na kingine huelekeza kushoto na kulia. Kasoro yake ni nguvu za injini: kijiti hurudi katikati kikiachwa, ilhali injini yatakiwa ibaki pale rubani alipoiweka. Hilo hutatuliwa kwa kutenga vitufe viwili, kimoja cha kuongeza na kimoja cha kupunguza. Vijiti vyake ni vifupi pia, na kidole gumba hakina utulivu wa mkono mzima.

Kwa sababu hiyo, chama kikipata fedha tena, kifaa cha pili kiwe joistiki ambayo mpini wake hujipinda, iliyo na kiteleza cha injini kisichorudi chenyewe. Logitech Extreme 3D Pro ni mfano mmoja. Hiyo ina mihimili minne barabara ya ndege. Yaweza kuendesha gari pia, ingawa mafuta na breki vikiwekwa kwenye mhimili mmoja, mbele na nyuma, dereva hawezi kuvikanyaga pamoja.

Programu zenyewe si lazima zinunuliwe. FlightGear, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997, haina malipo, wala Speed Dreams ya magari haina.

Kwa vifaa vilivyokwisha kutumika, tahadhari inahitajika. Aghalabu vijiti hupima kwa vipande vinavyosuguana, navyo huchakaa, ndege ikaanza kwenda mrama bila ya kuguswa. Muuzaji na akuruhusu ukichomeke kifaa kwenye tarakilishi ya Windows, uandike joy.cpl penye nafasi ya amri, kisha uitazame alama ya msalaba ukiwa umeondoa mikono. Isipotulia katikati, kirudishe. Sukuma kijiti hadi pembe zote nne, ukandamize vifyatuo polepole, uone kama kipimo kinapanda kidogo kidogo au kinaruka ghafla. Kinachoruka ghafla ni kitufe kilichovikwa joho la mhimili, na bei yake isizidi ya kitufe.