Ukara, Kisiwa cha Nyasi Zinazomfuata Ng'ombe

Kwetu Mabawe, kwenye vilima vya Ngara, ng'ombe hutoka asubuhi na mchungaji, hushuka bondeni na kurudi jioni ameshiba. Ukara mambo ni kinyume. Ng'ombe hubaki nyumbani, nyasi ndizo zinazosafiri.

Kufika huko kunataka subira. Unapita Biharamulo na Geita, unavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, unapanda meli Mwanza hadi Nansio, kisha unakikata kisiwa cha Ukerewe mpaka Bugolora. Hapo unangoja kivuko cha kwenda Bwisya, upande wa Ukara. Ni katika njia hiyo, karibu kabisa na gati la Bwisya, kivuko MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Baadhi yao walizikwa papo hapo Bwisya. Wakara wanaendelea kuvuka, kwa sababu soko, hospitali kubwa na ndugu wako ng'ambo.

Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba 100, na sehemu yake ni majabali matupu. Watu ni wengi tangu zamani, kiasi kwamba miaka ya 1930 mabwana shamba wa Kiingereza walikuja kushangaa na kuandika walichokiona. Walikuta kilimo kilichopangwa kabla wao hawajafika: uwele shambani, na katikati yake marejea, mmea unaofukiwa ardhini ili urutubishe udongo, baadaye njugu mawe, kisha uwele tena. Ufukweni walikuta mashimo yaliyochimbwa mpaka kwenye unyevu wa ziwa, yamepandwa nyasi za mifugo kama watu wengine wapandavyo mpunga.

Zizi la jadi limo ndani ya nyumba, nalo limechimbwa, hata ng'ombe husimama chini ya kimo cha sakafu. Mama mwenye nyumba huinama na kumshushia mzigo wa majani. Pembe zinapanda, majani yanavutwa chini. Asichokula hukanyagwa pamoja na kinyesi, na samadi hupanda siku hadi siku. Ikifika wakati huchimbuliwa, ikapakiwa vikapuni na kubebwa kichwani hadi shambani.

"Shikamoo mama. Hawa hawatoki kwenda malishoni?"

"Marahaba, mwanangu. Watoke waende wapi? Kila jani hapa lina mwenyewe."

Hakuwa anatania. Kwa desturi ya Wakara, mti una mwenyewe hata ukisimama kwenye shamba la mtu mwingine, maana majani yake ni chakula cha ng'ombe. Mwenye udongo hana ruhusa ya kukata tawi, na mgeni asikwanyue kijiti cha mswaki bila kuomba. Kwa mtoto wa Ngara aliyezoea kuokota kuni popote, sheria hiyo inaonekana kama choyo. Ukikaa kidogo unaona kuwa ndiyo inayozuia ugomvi pale ambapo mashamba ni vipande vidogo na majirani wanasikia hata kikohozi chako.

Wengi husema Wakara ni wachapakazi kwa damu. Sikubali. Wakara waliohamia bara, mahali penye ardhi tele, waliacha taratibu hizo: hawakuchimba zizi wala kubeba samadi, wakalima kama wenyeji wao. Wangeendelea kwa nini, ilhali pori lipo la kufyeka? Mila ile ilizaliwa na ufinyu wa ardhi, na mahali palipo na nafasi haikuwa na kazi ya kufanya.

Hapo ndipo Ukara inapotuhusu sisi tusio na ziwa. Mabawe baba humgawia kila mwanawe kipande, naye mwana atawagawia wanawe. Vilima havipanuki, na mabonde tunayochungia yanaanza kulimwa. Tumezungukwa na nchi kavu, lakini ufinyu wa kisiwa unatufikia hata hivyo. Marejea yanaota hata Ngara, na zizi halihitaji ziwa. Kilicho kigumu ni kukubaliana, jirani na jirani, nani mwenye mti na nani mwenye nyasi. Wakara walikubaliana mapema, wakaishi wengi mahali padogo. Sisi tukingoja mpaka bonde liishe, makubaliano hayo tutayatafuta kwenye baraza la ardhi.