Maradhi ya Koo: Nani Huyapata Zaidi?



Msimu wa karafuu ukifika, watu wengi hulala banda moja na kikombe kimoja hupita mikono mingi. Hapo ndipo maradhi ya koo hupata njia, nasi tumeona ni wajibu wetu kuyaeleza.

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, nayo hupoa yenyewe. Lakini yako yaletwayo na kijidudu kiitwacho streptokokasi, na haya hutaka dawa. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani wale waendao chuoni na skuli. Walio chini ya miaka 3 huwapata kwa nadra. Katika watoto 100 wenye kuumwa koo, baina ya 20 na 30 huwa na kijidudu hiki. Kwa watu wazima ni baina ya 5 na 15, na zaidi ni wale wanaokaa na watoto.

Wavulana na wasichana huugua koo karibu sawasawa. Tofauti huja baadaye. Mtoto asipotibiwa, baada ya wiki 2 au 3 aweza kushikwa na homa ya baridi yabisi, ikaharibu vilango vya moyo. Maradhi hayo ya moyo huonekana zaidi kwa wanawake, na wengine hawayatambui mpaka wachukue mimba.

Basi mtoto mwenye homa, anayeumia akimeza wala hakohoi, apelekwe hospitali upesi, awe mwana au binti. Akipewa penisilini ya siku 10, aimalize yote, hata akijiona mzima siku ya 3.

Katibu