Video kwenye maktaba ya afya: kazi ambayo kitabu hakiwezi

Mtoto anapozaliwa bila kulia, muuguzi ana dakika 1 tu. Anamkausha, anamsugua mgongo, na kama bado hapumui, anaanza kumpa hewa kwa mfuko wenye maski, mara 40 hivi kwa dakika. Kitabu kinasema kifua kiinuke. Lakini kiinuke namna gani? Hapo video njo inasaidia, juu inaonyesha maski vile inakaa usoni na kifua chenyewe kikipanda na kushuka.

Ndiyo maana maktaba za masomo ya afya zinaweka video pamoja na vitabu. Global Health Media Project, shirika la Marekani, linatoa bure video za uzazi na za watoto wachanga, zingine kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Na kule kwenye hakuna umeme wala rezo? Video inapakuliwa mara moja mjini, inawekwa kwenye kadi ya memori, kisha inapita toka telefone moja mpaka ingine bila kula mega.

Ila tuangalie kwanza mwaka video ilitengenezwa. Zamani watoto wengi walivutwa ute mdomoni na puani hata kama wanapumua vizuri. Leo OMS haishauri tena hivyo. Video ya zamani ingali inafundisha ile ya zamani.

Tena kutazama peke yake hakutoshi. Mkono unazoea kwa mazoezi, kwenye mdoli, mbele ya mwalimu, mbele ya kufika kwa mtoto wa mtu.