Tunaposafiri Krismasi, Mbwa Anabaki na Nani?

Kila mwezi wa Desemba nyumba nyingi za mjini hufungwa. Mizigo hufungashwa, watoto huvishwa viatu vipya, na jamaa nzima hupanda basi kwenda kijijini kwa nyanya. Ni desturi njema. Lakini hebu tuulizane, akina mama: tunapofunga lango, yule mbwa anayelilinda tunamwachia nani?

Sisi tunaoandika haya hatuna haki ya kumnyoshea mtu kidole. Mwaka mmoja tulisafiri siku kumi kutoka nyumbani kwetu Nairobi, tukamwacha mbwa wetu Bosko na sufuria ya ugali na ndoo ya maji. Tulijiambia kwamba mbwa ni mbwa, atajitafutia. Tuliporudi tulikuta ndoo imepinduka, kamba imekatika na Bosko hayupo. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya fataki zilikuwa zimelia mtaani, naye akatoroka kwa hofu.

Kesho yake jirani yetu alibisha hodi akiwa amemshika mkono mtoto wake wa miaka sita.

“Pole na safari, Mama Neema,” alisema. “Ila mbwa wenu alimuuma huyu siku ya Mwaka Mpya. Nimekuwa nikimpaka kitunguu saumu.”

Kwenye shavu la mguu palikuwa na alama nne za meno. Tulikimbilia kadi ya chanjo ya Bosko, tukakuta muda wake umepita miaka miwili. Sisi, tunaowafundisha wengine kliniki! Tuliosha kidonda tena kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Alianzishiwa chanjo, na kila sindano tulimsindikiza wenyewe kwa tarehe yake. Ashukuriwe Mungu, alipona.

Tuliyoyaona kituoni

Siku mbili baadaye tulimpata Bosko katika kituo cha kutunzia wanyama, amekonda, mbavu zikihesabika. Msamaria mmoja alikuwa amempeleka huko. Tulipoeleza habari za mtoto, alitengwa katika kibanda cha peke yake ili aangaliwe. Mbwa aliyemuuma mtu akiwa bado mzima baada ya siku kumi, hakuwa na kichaa siku ile alipouma. Bosko alibaki mzima. Hata hivyo matibabu ya mtu hayangoji siku hizo kumi.

Vibanda vilikuwa vimejaa. Mtunzaji alitueleza kwamba wengi ni wa aina mbili: walioachwa wakati wa safari za sikukuu, na watoto wa mbwa na paka waliotolewa kama zawadi ya Krismasi. Mtoto hukifurahia kiumbe hicho wiki moja, kisha shule zinafunguliwa Januari, na hakuna tena wa kukiosha wala kukilisha. Mbwa huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Hiyo si zawadi ya siku moja.

Kazi ya kuwahifadhi wanyama si ngeni kwetu. Chama cha KSPCA cha Nairobi kina asili yake tangu mwaka 1910. Lakini vituo vya namna hii hutegemea sana wahisani, na wakati wa sikukuu wahisani nao wamesafiri.

Twaweza kusaidia vipi?

Tangu mwaka ule, akina mama wa kikundi chetu cha kanisa huenda kituoni kila Desemba. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Uliza kwanza kinachohitajika. Mara nyingi ni chakula kikavu cha mbwa na paka, mablanketi na taulo kuukuu, magazeti ya kutandika, sabuni na ndoo.

Usipeleke mabaki ya pilau. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.

Toa mikono yako. Kuosha vibanda na kuwatembeza mbwa ni msaada mkubwa. Watoto waende pamoja na mtu mzima, wala wasiingize vidole vibandani.

Ukitaka kumchukua mnyama, ngoja sikukuu zipite na nyumba itulie. Hakikisha amechanjwa na kufungwa uzazi.

Kabla ya kufunga lango

Msaada mkubwa kuliko wote ni kutokiongezea kituo mzigo. Tafuta jirani au kijana mwaminifu, umlipe, umwachie chakula kilichopimwa cha kila siku. Mvishe mbwa ukanda wa shingoni wenye namba ya simu. Usiku wa fataki afungiwe ndani. Apate chanjo ya kichaa akiwa na miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka. Na kama hutaki watoto wa mbwa, daktari wa mifugo amfunge uzazi: mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Mtu akiumwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu. Usipake kitunguu, mafuta wala pilipili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote.

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mtu mwema hujali maisha ya mnyama wake. Tulikuwa tumeusoma mstari huo mara nyingi kabla ya mwaka ule. Tulikuja kuuelewa tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, tumempakata mtoto wa jirani, tukingoja jina lake liitwe.

Basi, mama mpendwa, mwaka huu unapoandika orodha ya safari, baada ya nguo za watoto na sukari ya nyanya, ongeza mstari mmoja: mbwa anabaki na nani?