Ritifaa katika Mifuatano ya Herufi: Uchakataji wa Majina ya Kisukuma kwa Lugha ya Python

Makala haya yanafafanua jinsi mifuatano ya herufi inavyochakatwa katika lugha ya programu ya Python, kwa kuzingatia majina yanayoandikwa kwa ritifaa. Majina ya namna hiyo ni ya kawaida katika kata ya Igoma, Wilaya ya Nyamagana, na katika Mkoa wa Mwanza kwa jumla. Kisukuma kina ng'w mahali ambapo Kiswahili mara nyingi kina mw: ng'wana ni mwana, na Ng'wanza ndiyo Mwanza.

Katika Python, mfuatano wa herufi huzingirwa na alama za nukuu, za mstari mmoja au miwili. Anayeandika 'Ng'wandu' kwa nukuu za mstari mmoja huifanya kompyuta ihesabu kuwa mfuatano umeishia kwenye g. Kinachobaki hakieleweki, na programu husimama. "Ng'wandu" haina tatizo hilo. Kosa hili ni jepesi kwa kuwa hujitangaza lenyewe. Katika hifadhidata ya SQL, iwapo amri imeundwa kwa kuunganisha vipande vya matini, jina halali la mtu huweza kuivunja amri nzima, na mwanya huohuo humfaa mvamizi. Dawa ni kulipitisha jina likiwa kigezo kilichotengwa na amri. Kuifuta ritifaa ili fomu ipite si dawa: ng'oa na ngoa ni maneno mawili.

Makosa ya kimya ndiyo mabaya zaidi. Daftari lililochapwa kwa herufi kubwa tupu aghalabu husahihishwa kwa amri ya title(), ambayo hukuza kila herufi inayofuata alama isiyo herufi. Hivyo NG'WANDU hugeuka Ng'Wandu. Amri ya capwords() katika moduli ya string hutenganisha maneno kwa nafasi tu, nayo hutoa Ng'wandu. Vivyo hivyo, ruwaza ya utafutaji \w+ hukata ng'ombe kuwa ng na ombe. Mtafiti anayehesabu maneno ya Kiswahili kwa ruwaza hiyo hupata msamiati usiokuwepo.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba ritifaa si moja. Iliyonyooka ni U+0027 katika Yunikodi. Iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe, ni U+2019. Kwa macho jina ni lilelile, lakini alama ya == hujibu kuwa ni mawili. Amri ya len() haisaidii kuyatofautisha, kwani yote hurejesha 8, ingawa katika UTF-8 la kwanza lina baiti 8 na la pili 10. Amri ya sorted() hulinganisha namba za herufi, yaani 39 na 8217: Ng'wandu wa kwanza hutangulia Ngassa, wa pili huangukia baada ya Ngwesa. Hata ujumbe mfupi wa simu huathirika, kwa kuwa ritifaa iliyopinda haimo katika seti ya msingi ya GSM, na kikomo cha ujumbe mmoja hushuka kutoka herufi 160 hadi 70.

Igoma ni mahali ambapo orodha ya majina ina uzito wake. Hapo ndipo walipozikwa wahanga wengi wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Anayemtafuta ndugu yake katika orodha yoyote, iwe ya marehemu, ya wagonjwa au ya watahiniwa, akijibiwa kwamba jina halimo, hana njia ya kujua kuwa limo na kwamba kilichotofautiana ni alama moja.

Usawazishaji wa Yunikodi, hata ule wa NFKC, haubadilishi U+2019 kuwa U+0027; wengi hudhani hubadilisha. Programu inapaswa kufanya hivyo waziwazi:

ufunguo = jina.replace("\u2019", "'").casefold()

Ufunguo hutumika kulinganisha na kupanga, na jina lenyewe huhifadhiwa kama mwenyewe alivyoliandika. Hatua hiyo haitoshi kwa tahajia zinazotofautiana kabisa. Ng'wanamalundi, mganga mashuhuri wa Usukuma, huandikwa pia Mwanamalundi na Ngwanamalundi. Kanuni ya kugeuza kila ng'w kuwa mw ingeyakutanisha maumbo mawili kati ya hayo, na pia ingewaunganisha watu wawili tofauti wanaoitwa Ng'wandu na Mwandu.