Safari ya Ocha na Trela: Panga Pa Kulala Kwanza

Baba alistaafu mwaka juzi baada ya miaka 31 Mombasa, na vitu vya nyumba nzima vilitakiwa kufika Bungoma. Tuliona lori la kukodi ni ghali, kwa hivyo mjomba akatuazima trela yake ndogo, ile inayovutwa na pikapu. Tukapakia friji, makochi, cherehani ya mama na tanki la maji juu kabisa, tukafunga turubai. Tulikuwa watu sita: baba kwenye usukani, mimi kando yake, mama na dada nyuma pamoja na watoto wawili wa dada.

Tulikuwa tumepanga kila kitu isipokuwa usiku. Chumba nilikuwa nimelipia, ndiyo. Nilitafuta loji kwa simu, nikaona picha nzuri, nikatuma shilingi 4,000 za malipo ya awali kwa namba niliyopewa, nikafunga hiyo kazi.

Tulifika Mtito Andei saa tatu kasoro usiku. Geti la loji lilikuwa na upinde wa mawe juu. Pikapu ingepita, lakini lile tanki la maji halingepita. Na hata lingepita, uani hakukuwa na nafasi ya kugeuza. Soja akatuambia tuiache trela nje barabarani, eti hapa hakuna wezi. Baba akakataa. Nikaomba turudishiwe pesa ili tutafute kwingine, nikaambiwa mwenye ile namba hayupo na simu yake imezima. Basi mama, dada na watoto wakalala ndani, baba akalala kwenye pikapu. Niseme ukweli, hakulala. Alikaa macho akilinda friji.

Kesho yake, tukiwa tumepita Emali, niliona gari linaanza kuvuka mstari polepole, likielekea upande wa malori. Nilimwita baba mara mbili ndipo akashtuka.

Ndiyo maana makala hii ya safari inaanzia kitandani. Kwa trela, mahali mtakapolala ndipo panapoamua mengine yote: saa ya kuondoka, kilomita za siku, na pesa ipi ilipwe lini na kwa nani.

Hesabu kilomita kwa mwendo wa trela

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Mwenye gari dogo atakwambia hizo ni saa saba au nane, na yeye hakudanganyi, ila anazungumzia gari lake. Wewe una mzigo nyuma, mlima unakupunguza mwendo, kuyapita malori ni kazi, na kila mkisimama lazima mtu ashuke aangalie kamba, taa na matairi ya trela. Watoto nao wana choo chao kisichofuata ratiba. Sisi siku hizi tunahesabu kilomita 50 kwa saa, vituo vyote vikiwa ndani. Watu hutucheka, lakini hatujakosea tena.

Mombasa hadi Bungoma ni karibu kilomita 900. Ukigawa kwa siku tatu, unapata kama 300 kwa siku, yaani saa sita hivi za safari. Ukitazama barabara, usiku wa kwanza unaangukia Makindu na wa pili Nakuru. Hizo ni sehemu nzuri za kulala, na sababu si kilomita tu.

Voi iko karibu mno, kama kilomita 150 kutoka Mombasa, na ukilala hapo siku ya pili inakuwa ndefu kupita kiasi. Ukishatoka Voi, kwa karibu kilomita 100 hadi Mtito Andei, barabara inapita katikati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu huvuka hapo. Pancha ya trela saa mbili usiku sehemu hiyo, na watoto ndani ya gari, sio kitu nataka umtumie mtu picha zake. Ukiondoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi unaipita Tsavo kukiwa na mwanga mzuri, na hata mkipoteza saa tatu kwa pancha bado mtafika Makindu kabla jua halijazama. Zile saa tatu za ziada ndizo unazozinunua unapokubali kulala mara mbili badala ya mara moja.

Makindu pia kuna hekalu la Masingasinga ambalo wasafiri wengi wa barabara hii wanalijua. Mtu yeyote hula hapo bila kulipa, na wana vyumba vya wageni. Ukiingia unavua viatu, unafunika kichwa, na pombe na sigara vinabaki mbali. Watu huacha mchango kwa hiari. Watoto wa dada bado wanazungumzia zile chapati.

Siku ya pili, Makindu hadi Nairobi ni kama kilomita 165. Usiingie katikati ya jiji na trela. Ukishapita Mlolongo endelea hadi barabara ya Southern Bypass, inakutoa hadi Kikuyu na kukuunganisha na barabara ya Nakuru. Kuanzia hapo ni kama kilomita 140 hivi mpaka Nakuru, na alasiri mtakuwa mmeoga.

Nakuru tunalala kwa sababu ya kinachofuata. Mbele yake kuna Salgaa na Sachangwan, pale malori yanaposhuka mlima kuja upande wako. Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipolipuka mwaka 2009 na watu zaidi ya 100 wakafa. Ukipita hapo unataka dereva aliyelala na jua lililochomoza. Baadaye kuna Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huja na mvua na ukungu. Kwa hivyo mablanketi yasiwe chini ya friji. Anayeelekea Kisumu atakata kona Mau Summit kwenda Kericho, lakini Nakuru bado inamfaa kulala.

Piga simu kabla ya kutuma chochote

Picha za loji huonyesha kitanda na taulo iliyokunjwa kama bata. Hazionyeshi geti. Kwa hivyo piga simu, na uulize mambo ya trela kwanza, kitanda baadaye. Geti lina upana gani, na juu yake kuna nini? Ndani trela inaweza kugeuka, au itabidi dereva arudi rivasi hadi barabara kuu asubuhi? Trela italala ndani ya ua au nje? Soja yuko usiku kucha au anaondoka saa nne? Geti linafunguliwa saa ngapi asubuhi? Hili la mwisho watu hulisahau, halafu saa kumi na moja na nusu alfajiri wanamtafuta mwenye ufunguo.

Kabla ya kupiga, pima. Chukua futi, pima urefu wa pikapu na trela zikiwa zimeunganishwa, na kimo cha mzigo baada ya turubai kufungwa. Sisi tulipima trela kabla ya kupakia, tukasahau tanki. Andika hizo namba mbili kwenye simu yako ili ukiulizwa usikisie.

Anayejibu kwa "wewe njoo tu, tutaona," mshukuru na upige kwingine. Anayesema "ngoja nikapime" ndiye wako.

Lipa kwa jina unalolijua

Sasa tuje kwa pesa. Kosa langu la Mtito Andei halikuwa kulipa mapema. Desemba vyumba hujaa, na malipo ya awali ni kitu cha kawaida. Kosa lilikuwa kutuma kwa namba ya mtu nisiyemjua, bila maandishi yoyote, pesa ya vyumba vyote viwili.

Uliza kama loji ina till au paybill. Ukiingiza namba ya till, kabla hujamaliza, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa ni jina la loji au la biashara waliyokutajia, endelea. Likiwa ni jina la mtu ambaye hakutajwa, simama hapo hapo, usikamilishe malipo. Piga tena simu, ukitumia namba iliyo kwenye kibao au kwenye ukurasa wa loji, si ile iliyokutumia ujumbe, na uulize huyo ni nani. Loji ndogo nyingi zinamilikiwa na mtu mmoja, kwa hivyo jina la mtu si lazima liwe utapeli. Lakini lazima mtu akueleze kabla ya kulipa.

Lipa kidogo. Usiku mmoja wa chumba kimoja unatosha kushikilia nafasi, zingine unalipa ukishaona trela iko ndani ya ua. Halafu omba wakutumie meseji inayosema tarehe, idadi ya vyumba, kwamba trela italala ndani, na pesa inarudishwa ikiwa nini. Meseji fupi tu. Ukifika usiku na geti likawa na upinde wa mawe, meseji hiyo ndiyo utakayomwonyesha meneja.

Na jihadhari na simu inayokuja baadaye: "Ile pesa yako haikuingia, tuma tena kwa namba hii." Angalia ujumbe wako wa uthibitisho na salio lako. Kama pesa ilitoka, iliingia mahali. Usitume mara ya pili kwa sababu mtu ana haraka. Ukigundua umekosea namba, ripoti kwa huduma kwa wateja mara moja, pesa ikiwa bado haijatolewa kule ilikokwenda. Na sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN, hata kama anayepiga anajua jina lako la tatu.

Pesa ya usiku isikae kwenye simu moja

Katika safari ile, pesa yote ilikuwa kwenye simu ya baba, na simu ya baba ndiyo ilikuwa inaonyesha ramani. Ilipozima chaji tukiwa tunasubiri mafuta, tulikuwa na trela iliyojaa mali na hatuna hata ya chai. Suluhisho la baba lilikuwa kunitajia PIN yake kwa sauti mbele ya foleni nzima. Baba, nakupenda, lakini hapana.

Siku hizi tunagawa kabla ya kuondoka. Pesa ya mafuta inawekwa kwenye simu ya anayekaa kiti cha mbele, maana dereva hapaswi kushika simu. Pesa ya kulala na chakula iko kwa mama. Kama inawezekana, simu hizo ziwe za mitandao miwili tofauti, kwa sababu kuna sehemu za barabara mtandao mmoja unapotea. Kila mtu anatumia PIN yake, hakuna cha kutajiana.

Noti pia zinahitajika. Fundi wa pancha anaweza kuwa na till na simu yake imezima. Toa pesa hiyo mara moja kabla ya safari, kwa sababu kutoa 3,000 kwa mkupuo hugharimu kidogo kuliko kutoa 1,000 mara tatu. Beba kitambulisho halisi, wakala atakitaka, na wakala wengi wa miji midogo hufunga mapema. Kwa mafuta na loji, till ni nafuu: mnunuzi halipi ada anapolipia bidhaa kwa till, ilhali kutuma kwa namba ya mtu kunakatwa.

Mkishaegesha

Mwombe dereva aegeshe trela ikiwa imeupa ukuta mgongo, ili mlango wake wa nyuma usiweze kufunguka. Msiitenganishe na pikapu kama nafasi inatosha. Piga picha ya turubai na kamba zilivyofungwa, asubuhi ulinganishe. Trela ina namba zake za usajili zinazoanza na Z, kwa hivyo hakikisha soja ameandika namba mbili kwenye kitabu chake, ya pikapu na ya trela. Televisheni na cherehani ziingie chumbani mnapolala. Ni uzito, najua. Gusa pia katikati ya magurudumu ya trela bila kushika kwa nguvu: upande mmoja ukiwa moto kuliko mwingine, tafuta fundi jioni hiyo hiyo.

Kisha dereva aoge, ale, alale. Wengine wapange asubuhi.

Desemba hii dada anahamia Busia na mjomba amekubali tena kutoa trela. Makindu nimeshapiga simu. Soja aliniweka kwenye laini akaenda kupima geti mwenyewe: mita tatu na nusu upana, juu hakuna kitu.